Klasi 100, ISO 7, gredi B: kati ya hawa mafundi wawili nani anasema ukweli?

"Habari Injinia. Niko upande wa ubora kwa kiwanda kidogo cha dawa huku Baba Dogo, Nairobi, tunatengeneza sirapu na krimu, sasa bosi ameamua tuingie dawa za macho, zile za matone, tukijaza chupa na mashine ndogo ya mezani. Tumetenga chumba cha mita 5 kwa 4, silingi iko mita 2.7. Tumepata kotesheni mbili. Fundi wa kwanza anaweka maboksi 4 ya HEPA, zile filta za kushika chembe ndogo sana, kwa silingi, grili za kurudisha hewa ziko hapo hapo juu, na AC mbili za ukutani, anasema chumba kizima kitakuwa klasi 100 na atatupea cheti. Wa pili anasema hio haiwezekani, yeye anatujengea chumba cha ISO 7, hewa inabadilika mara 20 kwa saa, na meza moja ya LAF ndani, ile yenye hewa safi inayopita kwa mwelekeo mmoja. Bei yake iko juu karibu mara mbili. Bosi anauliza mbona tulipe zaidi tupate chumba kichafu kuliko cha huyu wa kwanza, halafu kuna mtu amemwambia ati klasi 10,000 ndio safi juu namba ni kubwa. Mimi mwenyewe nimechanganyikiwa. Nani anasema ukweli, na hewa inafaa ibadilike mara ngapi?"

Wote wawili wamesema ukweli nusu nusu, na ajabu ni kwamba ukichukua kitu kimoja kwa huyu na kingine kwa yule unakaribia sana kile mnahitaji. Lakini wacha tumalizane na bosi kwanza, juu hio yake ndio rahisi.

Hizo namba zinahesabu uchafu, kwa hivyo ndogo ndio safi. Klasi 100 inatoka kwa kiwango cha zamani cha serikali ya Marekani, Federal Standard 209, kilichotoka 1963 na kikafutwa rasmi Novemba 2001. Maana yake ni kwamba ukichota futi moja ya ujazo ya hewa usipate zaidi ya chembe 100 zenye ukubwa wa nusu mikroni kwenda juu (mikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu). Siku hizi tunatumia ISO 14644, kiwango cha kimataifa cha klinirumu, yaani vyumba safi, ambayo inahesabu kwa mita ya ujazo, na mita moja ya ujazo ina futi kama 35, ndio maana klasi 100 iligeuka ikawa ISO 5 yenye chembe 3,520, klasi 10,000 ikawa ISO 7 yenye 352,000 na klasi 100,000 ikawa ISO 8 yenye 3,520,000. Kila ukipanda namba moja ya ISO uchafu unaoruhusiwa unaongezeka mara kumi. Fundi akikuandikia "klasi 100" leo si lazima awe tapeli, watu wengi wa hii kazi bado wanaongea hivyo, ila kwa karatasi ya kulipia pesa mwambie aandike ISO.

Sasa kuna swali ambalo kotesheni zote mbili zimeliruka, na kwangu ndio swali lenyewe: hizo chembe zinahesabiwa wakati gani?

ISO inatambua hali tatu. Kuna chumba kimemalizwa kujengwa lakini kitupu, kuna chumba chenye mashine zote zimewekwa lakini hakuna mtu ndani, na kuna chumba kikiwa kazini, watu wamevaa, mashine inazunguka, chupa zinajazwa. Chumba kilekile kimoja kinaweza kuwa ISO 5 saa kumi na moja alfajiri hakuna mtu na kikawa ISO 7 saa nne asubuhi watu wakiwa ndani, na hapo hakuna kitu imeharibika, ndio maisha. Kwa hivyo mtu akikwambia "chumba ni ISO 7" bila kukwambia ni hali gani, hajakwambia kitu bado.

Kwa dawa ndio inakuwa serious zaidi, juu GMP, yaani kanuni za utengenezaji bora wa dawa, inatumia gredi A, B, C na D, na kila gredi inabeba hizo hali ndani yake. Gredi A ni 3,520 bila mtu na 3,520 watu wakifanya kazi, haibadiliki. Gredi B ni 3,520 bila mtu lakini inaruhusiwa kupanda hadi 352,000 kazi ikiendelea. Gredi C ni 352,000 bila mtu na 3,520,000 kazini. Gredi D ni 3,520,000 bila mtu, na kwa hali ya kazi mnajiwekea kiwango nyinyi wenyewe kulingana na hatari ya kazi yenu. Rudi sasa uangalie kotesheni ya fundi wa pili. ISO 7 yake kama imehesabiwa watu wakiwa kazini, hio inaweza kuwa gredi B. Kama imehesabiwa chumba kikiwa hakina mtu, hio ni gredi C. Namba ni ileile, kumbe ni vyumba viwili tofauti kabisa, na kwa kazi yenu moja inakubalika na nyingine mkaguzi ataikataa.

Kwa nini ataikataa? Matone ya macho mengi hayavumilii kuchemshwa yakiwa ndani ya chupa. Zile dawa mnaweza kuziweka kwa otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa presha, nyuzi 121 kwa dakika 15 zikiwa zimeshafungwa ziko na maisha rahisi, lakini chupa laini ya plastiki ya matone kwa huo moto inajikunja, na dawa yenyewe mara nyingi inaharibika. Kwa hivyo mtapitisha dawa kwa filta ya 0.22 mikroni halafu mjaze chupa ambazo tayari zimeuliwa vijidudu, na kutoka hapo hadi kifuniko kifungwe hakuna hatua nyingine ya kuokoa kosa. Ndio maana mahali chupa iko wazi panatakiwa gredi A, na chumba kinachozunguka hapo kiwe gredi B. Hio imeandikwa kwa Kiambatisho cha 1 cha GMP ya Ulaya, toleo la 2022, ambalo liliandaliwa pamoja na WHO na PIC/S, ule muungano wa wakaguzi wa dawa wa nchi nyingi, kwa hivyo usidhani ni mambo ya Wazungu peke yao. Kama mtu kwenu anaona ni maringo, mwambie 2023 Marekani matone ya macho kutoka kiwanda kimoja cha India yalihusishwa na bakteria wa Pseudomonas aeruginosa aliyekuwa sugu kwa dawa, watu 81 wakaambukizwa kwa majimbo 18, 14 wakapoteza uwezo wa kuona, 4 wakatolewa jicho na 4 wakafa.

Haya, fundi wa kwanza. Yeye anaamini HEPA ndio inafanya chumba kuwa klasi fulani, na hio dhana iko kila mahali hapa Nairobi. Filta ni nzuri kweli. H14 inashika angalau asilimia 99.995 ya chembe za ule ukubwa mgumu kabisa kushika, ambao uko kati ya mikroni 0.1 na 0.3. Na si chujio, watu hufikiria ati chembe ndogo kuliko tundu inapita. Hapana, zile ndogo sana hazisafiri moja kwa moja, zinasukumwasukumwa na molekuli za hewa hadi zigonge uzi wa filta zinase, zile kubwa nazo ni nzito, hewa ikikata kona zenyewe zinaenda moja kwa moja kwa uzi. Za katikati ndio zinasumbua, na hata hizo karibu zote zinashikwa. Kwa hivyo hewa inayotoka kwa boksi la fundi wa kwanza itakuwa safi kuliko unavyohitaji. Shida haiko hapo. Shida ni kwamba uchafu wa klinirumu hauji kutoka kwa filta, unatoka ndani ya chumba chenyewe, na mwingi unatoka kwa watu. Ngozi inabanduka, nguo zinasuguana, mtu anaongea, anatembea, anainama. Kazi ya hewa ni kuondoa huo uchafu haraka kuliko unavyozalishwa, na kuna njia mbili tu za kufanya hivyo.

Njia ya kwanza ni kuchanganya na kupunguza makali. Ni kama uko na beseni ya maji yenye rangi halafu unafungulia mfereji safi juu yake, rangi inazidi kufifia lakini haiishi maadamu kuna mtu anadondosha rangi ndani. Njia ya pili ni hewa kushuka yote pamoja, kwa spidi moja na mwelekeo mmoja, kutoka silingi nzima kwenda chini, kila chembe inasukumwa nje kabla haijapata nafasi ya kuzunguka. Gredi A inahitaji hii ya pili, na spidi inayotajwa ni mita 0.36 hadi 0.54 kwa sekunde pale pahali kazi inafanyika.

Tupige hesabu ya chumba chenu. Sakafu ni mita 20 za mraba, ujazo ni mita 54. Ukitaka chumba kizima kiwe na hewa ya kushuka kwa mita 0.45 kwa sekunde, yaani katikati ya hizo spidi mbili, ni 20 mara 0.45 mara sekunde 3,600, unapata mita za ujazo 32,400 kwa saa, yaani hewa ya chumba inabadilika mara 600 kila saa. Fundi wa kwanza anawaletea maboksi 4. Yakiwa yale ya kawaida ya sentimita 61 kwa 61, yote pamoja yanafunika kama mita moja na nusu ya silingi, na kwa spidi hiyohiyo yanatoa karibu 2,400 kwa saa, mara 45 hivi. Kati ya 2,400 na 32,400 hakuna mjadala. Hicho si chumba cha gredi A na hakitakuwa hata mkisali.

Lakini ona hapa. Mara 45 kwa chumba kidogo kilichofungwa vizuri, hakuna mtu, mashine zimetulia, ukiweka kaunta ya kuhesabu chembe unaweza kabisa kupata chini ya 3,520. Kwa hivyo fundi atakuja Jumapili, atapima chumba kitupu, atawapea cheti cha ISO 5, na cheti kitakuwa cha kweli! Ni ISO 5 ya chumba kisichofanya kazi. Jumatatu mkiingia watu wawili hio klasi inapotea ndani ya dakika chache. Ila kwa upande mwingine, chumba kinachofika 3,520 bila mtu ndio sifa ya kwanza ya gredi B, kwa hivyo upande wa wingi wa hewa huyu wa kwanza yuko karibu na ukweli kuliko yule wa bei ghali mwenye mara 20.

Na hapo ndio tunafika kwa swali lako la mara ngapi. Ukitafuta utapata namba nyingi: mwongozo wa FDA, wasimamizi wa dawa wa Marekani, wa 2004 unasema angalau 20 kwa ISO 8, USP 797, kiwango cha Marekani cha wanaochanganya dawa hospitalini, inataka angalau 30 kwa ISO 7 na 20 kwa ISO 8, vyumba vya gredi B utakuta watu wanaweka 40 hadi 60. Hakuna hata moja ambayo ni sheria ya asili. Namba inatoka kwa nani yuko ndani na anaachia nini. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, mtu aliyevaa vizuri kabisa, kofia, barakoa, miwani, ovaroli ya klinirumu, anaachia chembe milioni 1 kwa dakika. Maboksi 4 yanatoa mita 40 za ujazo kwa dakika. Watu wawili ni milioni 2 gawa kwa 40, ni 50,000 kwa kila mita, uko ndani ya 352,000 bila wasiwasi. Sasa wavalishe vibaya, ovaroli imefuliwa hadi imechanika nyuzi, nywele ziko nje, kila mmoja aachie milioni 5, halafu ongeza wa tatu juu bosi ameleta mgeni kuona. Milioni 15 kwa 40 ni 375,000. Mshafeli, na hakuna filta imeguswa. Ndio maana mimi nikiona kiwanda kina pesa kidogo nawaambia wanunue nguo nzuri na wapunguze watu kabla hawajaongeza feni.

Kitu kingine ile mara kwa saa inakupea ni jinsi chumba kinajirudisha haraka baada ya kazi. Kushuka kutoka 352,000 hadi 3,520, kwa nadharia, mara 45 inachukua dakika kama 6, mara 20 inachukua kama 14. Kile Kiambatisho cha 1 kinataka iwe chini ya dakika 20, kwa hivyo kwa karatasi wote wanapita, ila nadharia inadhania hewa inachanganyika sawasawa kila kona na chumba chenu hakitafanya hivyo, hasa kwa ule mpango wa grili za kurudisha hewa kuwa juu. Hewa safi inashuka kidogo, inageuka, inarudi juu kwa grili iliyo karibu, na pale chini nyuma ya mashine hewa imelala tu. Grili za kurudisha ziwekwe chini kwa ukuta, karibu na sakafu, na pande mbili zinazotazamana kama inawezekana. Hili usikubali kubembelezwa.

AC za ukutani nazo, hapana, hapana. Hio AC inachukua hewa ya ndani ya chumba, inaipitisha kwa kichungi cha wavu, inaipuliza kwa nguvu upande mmoja, na ndani yake kuna trei ya maji ambayo haikauki. Umeweka HEPA za pesa nyingi halafu umefuga maji ya uvundo juu ya ukuta wa chumba cha dawa ya macho. Ubaridi uwekwe kwa mashine kuu ya hewa, nje ya chumba, kabla ya HEPA.

Presha iko hivi kwa ufupi: mnaingiza hewa nyingi kidogo kuliko mnayotoa, chumba kinabaki kimevimba, mlango ukifunguliwa hewa inatoka badala ya kuingia. Kati ya gredi mbili zinazopakana mnataka angalau paskali 10, na kwa kawaida mafundi wanalenga 15 ili wabaki na akiba. Hio inamaanisha hamuwezi kutoka korido moja kwa moja hadi chumba cha kujazia, lazima kuwe na vyumba vya kati vya kubadilisha nguo, milango miwili isifunguke pamoja, na kidirisha tofauti cha kupitisha chupa. Sijaona hivyo vyumba kwa kotesheni yoyote kati ya hizo mbili, na hapo ndio bajeti za klinirumu nyingi hufia, juu mita 20 ulizotenga zinageuka kuwa 12 za kazi.

Sasa jambo ambalo kotesheni za kutoka ng'ambo na mafundi wa hapa wote wanasahau: Nairobi iko juu. Tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na Mombasa. Feni ikizunguka spidi ileile inasukuma mita za ujazo zilezile, sawa, lakini presha inayotengeneza inashuka na hio 18. Na filta ya HEPA haijali, ukinzani wake unategemea unato wa hewa na spidi, si uzito wake, kwa hivyo filta inadai paskali zilezile inadai Mombasa huku feni yako ina nguvu pungufu. Ukichagua feni kwa jedwali la usawa wa bahari bila kurekebisha, siku ya kwanza itatosha tosha, filta zikianza kujaa vumbi hewa inapungua na hamjui kwa nini. Hata ubaridi hivyohivyo, mita moja ya hewa yetu inabeba joto kidogo.

Na kipimo pia kinadanganya. Anemomita ya waya wa moto, kile kifaa cha kupima spidi ya hewa, inahisi uzito wa hewa inayopita, kwa hivyo kama haijarekebishwa, spidi halisi ya 0.45 itasomeka kama 0.37. Fundi ataona iko chini, ataongeza feni hadi kisomo kiwe 0.45, na hapo kwa kweli uko 0.55, umepita hata ile 0.54 ya juu na hewa inaweza kuanza kuvurugika juu ya chupa. Muulize anayepima kama amerekebisha kwa mwinuko wa Nairobi. Akikuangalia kama hajaelewa, hio ni taarifa tosha.

Vumbi la Baba Dogo sihitaji kukueleza. Weka filta za awali za hatua mbili, ile ya kawaida halafu nyingine laini, na mzibadilishe kwa kusoma geji ya presha, si kwa kalenda, juu Januari na Februari vumbi liko na mambo yake. Na stima: ikipotea, feni zinasimama, ile presha inaisha ndani ya sekunde, na kilichokuwa wazi pale mezani hakina ulinzi tena. Jenereta inayowaka baada ya sekunde 15 haisaidii hizo sekunde 15. Meza ya LAF iwe kwa UPS, ile betri inayoshika papo hapo stima ikipotea, na muwe mmeandika mapema kwamba hewa ikikatika chupa zilizokuwa wazi zinatupwa, halafu chumba kinapewa muda wa kujirudisha kabla ya kuendelea. Msingoje siku ya tukio ndio mjadiliane na bosi kama chupa zinatupwa, mtashindwa.

Kwa hivyo mfanye nini? Kama mnang'ang'ania kujaza wenyewe kwa mtindo wa wazi, mnahitaji LAF ya fundi wa pili, ya kushusha hewa kutoka juu, ndani ya chumba chenye hewa nyingi ya fundi wa kwanza, grili zikiwa chini, bila AC za ukutani, pamoja na vyumba vya kubadilisha nguo ambavyo hakuna aliyevichora. LAF ya mita 1.2 kwa 0.6 inahitaji kama 1,170 tu kwa saa kupata ile 0.45, linganisha na 32,400. Hapo ndio mnaona kwa nini ulimwengu mzima unasafisha pale chupa iko wazi badala ya kusafisha chumba chote.

Njia ya pili ni aisoleta, yaani kisanduku kilichofungwa, mtu anaingiza mikono kwa glavu zilizoshikanishwa kwa ukuta wake. Inagharimu zaidi kununua, lakini chumba kinachoizunguka kinaweza kushuka hadi gredi C, ama D kama ni ile iliyofungwa kabisa, kwa hivyo hewa, nguo na umeme wa kila mwezi vinapungua. Kwa watu wachache na bechi ndogo ningeiangalia kwa makini, hasa kwa vile ile mikono na nyuso za watu zinakaa mbali na chupa. Ubaya wake ni kwamba glavu zinatoboka na spea hazipatikani barabara ya Kirinyaga.

Ya tatu bosi hataipenda: anzeni kwa kutoa kazi ya kujaza kwa kiwanda ambacho tayari kina laini ya dawa tasa, yaani zisizo na vijidudu, iliyokaguliwa, nyinyi mbaki na fomula na soko. Kwa kiwanda cha sirapu na krimu ambacho hakijawahi kufanya kazi ya namna hii, kusema ukweli hio ndio ningechagua miaka ya kwanza. Chumba kinajengwa kwa miezi, lakini watu wanaojua kutembea polepole, kutopitisha mkono juu ya chupa wazi na kukubali kutupa bechi wanachukua muda mrefu zaidi kupatikana.

Chochote mtakachochagua, kuna vitu hamuwezi kumaliza kwa simu ama kwa kusoma. Mchoro uende kwa Bodi ya Dawa na Sumu, PPB, kabla ukuta wa kwanza haujainuliwa, muwaulize wazi kama huo mpangilio wanaukubali, juu kubomoa baadaye ni uchungu. Anayepima chumba asiwe yule aliyekijenga, na vifaa vyake viwe na vyeti vya urekebishaji kutoka maabara iliyoidhinishwa, KENAS, shirika la Kenya la kuidhinisha maabara, wana orodha. Afanye hesabu ya chembe kwa hali zote mbili, bila mtu na watu wakiwa kazini, na kwa chumba cha mita 20 ISO ya 2015 inataka angalau pointi 6, si moja katikati ya chumba. Apime kuvuja kwa kila filta ikiwa imeshawekwa, juu nyingi zinavuja kwa fremu na gasketi, filta yenyewe haina shida. Arekodi video ya moshi ukipita juu ya chupa mashine ikifanya kazi na mkono wa mtu ukiwa ndani, hapo ndio mtaona kama ile hewa ya kushuka inashuka kweli ama inajizungusha. Na kwa gredi A na B hio yote inarudiwa kila miezi 6, C na D kila miezi 12, kwa hivyo gharama yake iwekwe kwa bajeti ya kila mwaka, si ya ujenzi.

Wiki hii ungeweza kufanya kitu kimoja cha bure: waandikie mafundi wote wawili barua pepe moja, uwaulize klasi wanayoahidi ni ya hali gani, ni ya sehemu gani ya chumba, na watapima watu wangapi wakiwa ndani. Waulize pia feni yao imechaguliwa kwa mwinuko gani. Majibu yakija, hata kabla ya kuongea bei, ujue nani wa kuendelea kuongea naye, na deposit isitoke hadi majibu hayo yawe ndani ya mkataba.